Namna ya kuunda swali la utafiti wa elimu kabla ya kuchapa hojaji

Kuna swali linalojirudia mno katika maandiko ya utafiti wa elimu: "Changamoto zinazoikabili shule fulani, au somo fulani, ni zipi?" Majibu yake yanajulikana kabla nauli haijalipwa. Upungufu wa walimu, uhaba wa vitabu, msongamano darasani, mwamko mdogo wa wazazi. Mtafiti anazunguka shule sita, anagawa hojaji 200, kisha anarudi na orodha ambayo mwalimu yeyote angemwandikia wakati wa chai. Fedha zimekwenda na muhula umekwisha, lakini hakuna mtu aliyejua jambo ambalo hakulijua.

Kosa hilo hufanyika mapema, siku swali linapoandikwa, na hakuna hojaji nzuri wala programu ya takwimu inayoweza kulirekebisha baadaye. Mwongozo huu unafuata mfano mmoja tangu ukiwa mada tu hadi unapokuwa swali la kupeleka kwa msimamizi. Mfano wenyewe ni lugha ya kufundishia katika Kidato cha Kwanza nchini Tanzania. Mtoto wa shule ya msingi ya kawaida ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili miaka yote, na Kiingereza kwake ni somo. Akiingia sekondari mwezi Januari anakuta Biolojia, Fizikia na Jiografia zote ni za Kiingereza.

Hatua ya 1: Andika ulichokiona

"Lugha ya kufundishia" ni mada. Mada haijibiwi, inazungumzwa tu. Ili utoke hapo, chukua karatasi uandike sentensi tano au sita za jambo linaloonekana kwa macho au kusikika kwa masikio, bila kutumia maneno kama changamoto, athari, mchango, umuhimu na ufanisi. Maneno hayo yafungie kabatini kwa wiki nzima.

Sentensi hizo zinaweza kuwa hivi: Mwalimu wa Biolojia anaanza kipindi kwa Kiingereza. Anasoma maana ya neno jipya mara mbili, kisha analikata neno katikati na darasa zima linamalizia silabi za mwisho kwa sauti moja. Anapouliza "kwa nini", kimya. Anarudia swali lile lile kwa Kiswahili, mikono minne inanyanyuka. Mmoja anajibu vizuri kwa Kiswahili, mwalimu analitafsiri jibu lake na kuliandika ubaoni kwa Kiingereza, wote wananakili.

Katika maelezo hayo mafupi tayari kuna mambo matatu ya kutafitiwa: kumalizia neno kwa pamoja kunakofanana na kuelewa, wakati mwalimu anapobadili lugha, na safari ya jibu kutoka mdomoni mwa mwanafunzi hadi ubaoni. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo ungeliona ukianzia na neno "changamoto".

Hatua ya 2: Soma ukiwa na jedwali mkononi

Machapisho 15 hadi 20 yaliyosomwa vizuri yanatosha kuanzia. Kwa kila chapisho jaza safu tano: waliuliza nini, waliwauliza au kuwatazama nani, walitumia njia gani, walipata nini, na nini hawakukigusa. Safu ya tano ndiyo utakayoitegemea, kwa hiyo ijaze kwa maneno yako mwenyewe. Usinakili sehemu ya "mapendekezo kwa tafiti zijazo" ya mtu mwingine, maana mara nyingi imeandikwa usiku wa mwisho kabla ya kukabidhi kazi.

Hapa kuna kosa linalowaponza wengi. Kusema "hakuna utafiti uliofanyika katika Wilaya ya fulani" siyo pengo la maarifa. Wilaya ambazo hazijafanyiwa utafiti wa jambo fulani ni nyingi, na nyingi hazihitaji kufanyiwa. Mahali panakuwa hoja pale tu panapobadili jambo lenyewe. Wilaya ya wafugaji, ambako watoto wengi wanafika darasa la kwanza wakiongea Kimaasai au Kibarbaig, inaweza kuwa na habari tofauti kabisa kuhusu lugha ya kufundishia, kwani huko Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili. Hiyo ni sababu. "Ni karibu na nyumbani" ni sababu ya nauli, nayo ina nafasi yake, lakini siyo kwenye sehemu ya pengo.

Pengo halisi hupatikana kwa kusoma safu ya pili na ya tatu pamoja. Ukikuta tafiti nyingi kuhusu lugha ya kufundishia zimewauliza walimu na wanafunzi wanaonaje, na chache zimekaa nyuma ya darasa na saa mkononi kuhesabu kinachotokea, umepata mlango. Maoni kuhusu lugha na matumizi ya lugha ni vitu viwili. Mwalimu anayeapa kwamba hufundisha kwa Kiingereza tu anaweza kutumia Kiswahili nusu ya kipindi bila kujijua.

Hatua ya 3: Chagua neno la kuulizia, kwa sababu ndilo linalochagua njia

Katika Kiswahili neno la kuulizia linabeba mzigo mkubwa kuliko wengi wanavyodhani.

"Je" ikiwa peke yake huzaa jibu la ndiyo au hapana. "Je, Kiingereza kinaathiri ufaulu?" Ndiyo, kinaathiri. Haya, sura ya nne, ile ya matokeo, utaandika nini? "Je" inafaa kwenye nadharia tete, yaani dai la kujaribiwa, inayopimwa kwa takwimu, na hata hapo ni bora useme unatarajia tofauti ya upande upi.

"Kwa kiasi gani" na "mara ngapi" hudai namba. Ukiandika "kwa kiasi gani" halafu ukapanga kusaili walimu wanane, umejifunga kamba mwenyewe.

"Namna gani", "vipi" na "-je" ya mwisho wa kitenzi (hutumiaje, hutofautianaje) hudai kutazama mchakato: kushuhudia vipindi, usaili wa kina, kusoma maandalio ya somo na madaftari ya wanafunzi.

"Kwa nini" ndilo la hatari kuliko yote, maana linadai jambo limeshathibitishwa. "Kwa nini wazazi hawashirikiani na shule?" limeshawahukumu wazazi kabla hawajaulizwa. Thibitisha kwanza kwamba hawashirikiani, na kwamba kinachoitwa kushirikiana kinafahamika vilevile na pande zote. Kwa mwalimu mkuu huenda ni kufika kikaoni. Kwa mama anayeuza maandazi alfajiri huenda ni kuhakikisha mtoto ana sare na daftari. Neno "mwamko mdogo" halijawahi kuwa matokeo ya utafiti. Ni lawama iliyovalishwa joho.

Na "athari"? Hili linahitaji nafasi yake. Athari hudai ulinganisho: wenye kitu hiki na wasio nacho, au kabla na baada. Shule zote za sekondari za serikali zinafundisha kwa Kiingereza, kwa hiyo ndani yake hakuna kundi la kulinganisha nalo. Wengine hujaribu kuokoa swali kwa kulinganisha wanafunzi waliotoka shule za msingi za mchepuo wa Kiingereza na waliotoka za kawaida. Tatizo ni kwamba makundi hayo hayatofautiani kwa lugha tu. Wale wa mchepuo wa Kiingereza wazazi wao waliweza kulipa ada, na aghalabu nyumbani kuna umeme, vitabu na masomo ya ziada. Ukikuta wamefaulu zaidi, hujui ni lugha au ni mfuko wa baba. Kama huna njia ya kutenganisha mambo hayo, futa "athari" uandike "uhusiano" au "tofauti", na uwe mkweli kwamba sababu hujaipata.

Hatua ya 4: Kata "na" zilizozidi

"Mtazamo na ushiriki wa walimu na wazazi katika ufundishaji na ujifunzaji ni upi?" Hesabu: mambo mawili, kwa makundi mawili, katika nyanja mbili. Ni maswali manane ndani ya sentensi moja, na kila moja linadai data yake. Pigia mstari kila "na" katika swali lako, kisha ujiulize kama upande wa kulia unaweza kujibiwa bila wa kushoto. Kama unaweza, tenganisha au tupa mmoja. Kutupa ndiyo kawaida.

Hatua ya 5: Fafanua kila neno hadi mtu mwingine aweze kulihesabu

Chukua neno "kushiriki". Darasa linalomalizia neno kwa sauti moja linashiriki? Anayenakili ubao je? Anayenong'ona na jirani yake kuhusu moyo wa ng'ombe aliyechinjwa jana nyumbani? (Huyo pengine ndiye anayejifunza Biolojia kuliko wote.) Usipoamua mapema, utaamua ukiwa darasani, na kila siku utaamua tofauti.

Ufafanuzi unaofanya kazi unaonekana hivi: "Jibu refu ni kauli ya mwanafunzi mmoja yenye maneno manne au zaidi ambayo hayajasomwa kutoka ubaoni au kitabuni. Jibu fupi ni kauli yenye neno moja hadi matatu. Jibu la pamoja ni sauti ya wanafunzi wengi kwa wakati mmoja." Ujaribu hivi: wape watu wawili rekodi moja ya dakika kumi, kila mmoja ahesabu peke yake, kisha linganisheni. Wakikubaliana mara nane au zaidi kati ya kumi, endelea. Wakipishana zaidi ya hapo, kasoro iko kwenye ufafanuzi, usiwalaumu wahesabuji.

Kuna mtego mwingine unaowahusu wanaoandika tasnifu kwa Kiingereza na kukusanya data kwa Kiswahili. Neno moja la Kiingereza, kama "performance", linaweza kuwa ufaulu, utendaji au maendeleo, na kila moja humpeleka mwalimu mahali tofauti. Ukisema "ufaulu" anafikiria matokeo ya mtihani wa taifa. Ukisema "maendeleo" anafikiria mtoto anavyobadilika. "Nidhamu" kwa walimu wengi huvuta mawazo kwenye adhabu. Mpe mwalimu mmoja atafsiri swali lako kwenda Kiswahili, mwingine ambaye hajaona la kwanza alirudishe kwenye Kiingereza, halafu weka matoleo mawili sambamba. Pale yanapopishana ndipo watafitiwa nao watakapopishana.

Hatua ya 6: Chora jedwali tupu

Hiki ndicho kipimo kikuu, na ukiwa na muda wa hatua moja tu, fanya hii. Kabla ya kuomba kibali, chora jedwali au muhtasari utakaoutoa katika sura ya matokeo, ukiacha visanduku vitupu. Usipoweza kulichora, huna swali bado.

Kwa mfano wetu, kipindi cha dakika 40 kinagawanywa katika vipande 20 vya dakika mbili mbili. Mistari ya jedwali ni kazi anayoifanya mwalimu katika kipande husika: kutoa maana ya neno jipya, kuuliza swali, kutoa mfano, kutoa maelekezo, kuonya au kutania. Safu ni tatu: Kiingereza, Kiswahili, mchanganyiko. Jedwali la pili lina safu hizo hizo, lakini mistari yake ni jibu la pamoja, jibu fupi, jibu refu na kimya. Walimu wanne wakishuhudiwa vipindi vitano kila mmoja ni vipindi 20, yaani vipande 400. Visanduku vinajazika.

Sasa fanya zoezi la pili juu ya jedwali hilo: andika matokeo matatu tofauti yanayoweza kutokea. La kwanza, majibu marefu yanatokea karibu yote kwenye vipande vya Kiswahili. La pili, hakuna tofauti, kwa sababu wanafunzi hujibu kwa neno moja katika lugha zote mbili. Hapo shida huenda ni aina ya maswali ya mwalimu kuliko lugha. La tatu, majibu marefu yako zaidi kwenye mchanganyiko. Kila moja kati ya hayo matatu lingempa mkufunzi wa chuo cha ualimu jambo tofauti la kufanya. Swali lenye jibu moja tu linalowezekana halistahili safari.

Hatua ya 7: Hakikisha wanaojua jibu ndio utakaokutana nao

Tafiti za mdondoko ndizo zinazoumbuka hapa. Mtafiti anauliza kwa nini wanafunzi huacha shule, kisha anagawa hojaji darasani, kwa wale ambao hawakuacha. Walioacha wako shambani, sokoni, kwenye bodaboda, au wameolewa. Wanaobaki wanaeleza wanachodhani kuhusu wenzao. Vivyo hivyo kwa wasichana waliojifungua: tangu Novemba 2021 Tanzania inawaruhusu kurudi katika shule za kawaida, na ni rahisi kuwapata waliorudi kwa sababu wamo kwenye rejesta. Lakini swali la "kinachowazuia wengine kurudi" liko kwa wale ambao hawamo. Ukishindwa kuwafikia, badili swali: "Waliorudi walipitia hatua zipi hadi kurudi?" ni swali zuri, linajibika, na halijifanyi kuwa jingine.

Maswali yanayogusa mimba, adhabu ya viboko au umaskini wa nyumbani yanahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi kwa walio chini ya miaka 18, pamoja na ya mtoto mwenyewe. Hakikisha pia kwamba jibu la mtoto haliwezi kumfikia mwalimu ambaye mtoto anamlalamikia.

Hatua ya 8: Pima swali kwa kalenda na mfuko

Usaili wa saa moja huchukua kati ya saa nne na sita kuunakili kwa maandishi. Wasailiwa 20 wa dakika 45 ni saa 15 za sauti, sawa na saa 75 hivi za kunakili. Ukimudu saa tano kwa siku, ni siku 15 za kazi kabla ya kuanza kuchanganua chochote. Maswali mahsusi mawili yanayojibiwa kwa usaili wa aina hiyo yanatosha kabisa kwa tasnifu ya uzamili.

Kalenda ya shule haina huruma. Swali kuhusu mwanzo wa Kidato cha Kwanza linajibiwa Januari hadi Machi. Ukifika Julai, watoto wameshazoea na jambo ulilotaka kuliona limepita. Maana yake barua ya chuo, kibali cha mkoa au halmashauri na makubaliano na mkuu wa shule viwe tayari kabla shule hazijafungwa Desemba. Kwa Kenya, leseni ya utafiti huombwa NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Septemba usitegemee darasa la saba, na kuelekea mitihani ya taifa usitegemee vidato vya pili na vya nne.

Kuhusu ukubwa wa sampuli, yaani idadi ya watakaochaguliwa kutafitiwa, fomula ya Yamane imekuwa kama sala, inasomwa hata mahali isipohusika. Kwa wanafunzi 1,200 na kosa la makadirio la asilimia 5, hesabu ni 1,200 gawanya kwa (1 + 1,200 × 0.0025), yaani 300 (0.0025 ni 0.05 × 0.05). Lakini inadai kila mwanafunzi kati ya hao 1,200 awe na nafasi sawa ya kuchaguliwa, na swali liwe la kukadiria asilimia. Ukichukua wanafunzi 300 kutoka shule nne tu, hawana uzito wa 300, kwa sababu wa darasa moja wanafanana: mwalimu mmoja, ubao mmoja, mada moja. Afadhali shule 15 zenye wanafunzi 20 kila moja. Na kwa swali la "namna gani", fomula hiyo haina kazi. Ni kutwanga maji kwenye kinu.

Hatua ya 9: Panga swali kuu na mahsusi

Swali kuu moja, mahsusi matatu. La nne liingie kwa sababu nzito. Kwa mfano wetu:

Swali kuu: Katika wiki kumi za mwanzo za Kidato cha Kwanza, walimu wa Biolojia katika shule nne za kata hutumiaje Kiswahili na Kiingereza, na majibu ya wanafunzi hutofautianaje kulingana na lugha inayotumika?

Mahsusi: (1) Walimu hutumia Kiswahili kwa kazi zipi za ufundishaji, na kwa mara ngapi? (2) Urefu na aina ya majibu ya wanafunzi hutofautianaje kati ya vipande vya Kiswahili, vya Kiingereza na vya mchanganyiko? (3) Walimu wanaelezaje uamuzi wao wa kubadili lugha wanaposikilizishwa rekodi ya kipindi chao?

Swali kuu lina "na" moja inayounganisha maswali mawili, nayo imebaki kwa makusudi: upande wa kulia haujibiki bila wa kushoto. Swali la tatu halimuulizi mwalimu "kwa nini hutumii Kiingereza", ambalo lingemfanya ajitetee. Linamwekea kipande cha sauti na kumwacha aeleze.

Lililokosekana, na kwa makusudi pia, ni "Nini kifanyike ili kutatua tatizo?" Hilo hupachikwa mwishoni mwa maandiko mengi kana kwamba ni sharti. Suluhisho ni swali la utafiti pale tu unapolijaribu: shule moja ifanye hivi, nyingine isifanye, upime. Vinginevyo ni mapendekezo, na sehemu yake ni sura ya mwisho.

Hatua ya 10: Lijaribu, kisha lifunge

Nenda shule moja isiyo kwenye sampuli yako. Shuhudia vipindi viwili, saili walimu wawili, na kama una hojaji wape watu watano hadi wanane. Usiwaulize tu majibu. Waulize: "Swali hili umelielewaje? Lieleze kwa maneno yako." Mara nyingi hapo ndipo utakapogundua kwamba swali la utafiti limechukuliwa kama lilivyo na kutiwa kwenye hojaji. Mwalimu haulizwi "urefu wa majibu hutofautianaje". Hilo unalijibu wewe kutokana na ulichokihesabu.

Baada ya jaribio, swali la namba linafungwa. Kulibadili baada ya kuona data ili lioane na matokeo ni udanganyifu, hata kama hakuna atakayegundua. Swali la mchakato linaweza kuendelea kunolewa uwandani, mradi uandike tarehe na sababu ya kila badiliko kwenye daftari la utafiti.

Kwa msimamizi peleka ukurasa mmoja: maelezo ya Hatua ya 1, swali kuu na mahsusi yake, ufafanuzi wa maneno mawili au matatu magumu, jedwali tupu, na mistari miwili kuhusu tarehe za shule na kibali. Acha nafasi pembeni ya kuandikia.